Kijani Kisichofanya Kazi

Jumanne ya tatu mfululizo, Somoe Nanyanje alikuta vipande vitatu vibaya katika trei ya vipande arobaini, akaanza kuamini kwamba kuna mtu anamchezea.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Tibajani, kampuni iliyolima mihogo ya dawa pale Mkongolo, juu kwenye uwanda wa Makonde, ilimletea kila asubuhi trei ya vipande vya majani, kila kimoja duara dogo kama kifungo cha shati. Alivipanga chini ya mwanga wa kihesabio, mashine ikapenya seli moja baada ya nyingine, na kwenye kioo zikatokea nukta nyekundu na nukta za samawati, maelfu kwa maelfu. Kila nukta ilikuwa ribosomu moja, yaani kiwanda kidogo cha kuunda protini. Nyekundu zilikuwa zile zinazoelea ndani ya seli. Samawati zilikuwa nyingine, ndogo zaidi, zilizomo ndani ya kloroplasti, vile vifuko vya kijani ambamo jani hupika chakula chake kwa jua.

Katika vipande thelathini na saba, nukta zilikuwa sawasawa. Katika vile vitatu, nyekundu zilikuwepo zote, lakini za samawati zilibaki robo.

Alivitoa, akavitazama kwa macho yake. Vilikuwa kijani kibichi, vinang'aa. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Jani lililopungukiwa ribosomu kiasi kile lilipaswa kuwa limegeuka njano siku nyingi.

Akaangalia lebo: 9-14, 9-15, 9-16. Tarakimu ya mwanzo ilikuwa namba ya kitalu. Shamba la Tibajani lilikuwa na vitalu vinane.

Aliyekusanya vipande ni Mkude, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, Mluguru aliyehamia Mkongolo miaka miwili nyuma na ambaye hadi leo hakuna aliyejua anakaa na nani. Alikula peke yake. Alivaa glavu hata mahali zisipohitajika. Somoe alimkuta mlangoni akiosha vikapu.

"Kaka Mkude, kitalu cha tisa kiko wapi?"

Mkude alitazama kwanza kamera iliyokuwa juu ya mlango, kisha akamtazama yeye. "Nitakuwa nimekosea kuandika."

"Wiki tatu mfululizo?"

"Mtu huchoka," alisema, akaendelea kuosha.

Somoe akapanda ghorofani kwa mkurugenzi. Dkt. Gaudensia Komba alikuwa mama wa miaka hamsini na tano, mtu wa Songea, mpole wa sauti. Alisikiliza huku akisaini barua.

"Ni mashine," alisema. "Zifute hizo namba tatu, uendelee."

"Nimekuja na picha, Daktari. Ukiziangalia..."

"Zifute, Somoe."

Somoe akashuka ngazi polepole. Katika miaka minne ya kufanya kazi pale hakuwahi kumwona Dkt. Komba akikataa kutazama picha. Na tena hakuuliza ni za kitalu gani.

Hakuzifuta. Alizichapa kwenye karatasi, akazikunja, akazitia ndani ya kanga aliyokuwa nayo mkobani.

*

Kila Alhamisi alimsindikiza mdogo wake zahanati. Siwema alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche aliyowaonyesha watu kwa fahari. Alizaliwa na selimundu. Utotoni alikuwa analala wiki nzima akiuma shuka kwa maumivu ya mifupa, na mama yao, kabla hajafa, alishazoea kuulizwa na majirani kama mtoto bado yupo.

Muuguzi alimbandika kiraka chembamba begani. Dakika kumi, basi. Siwema alikuwa amemaliza miaka mitatu bila siku hata moja ya maumivu.

Dawa ile ilitoka kwenye majani aliyokuwa anayahesabu dada yake. Watu wote wa Mkongolo walijua namna inavyotengenezwa, kwa sababu kampuni ilipeleka wataalamu mpaka shule za msingi. Virusi havina ribosomu zao. Kirusi huingia kwenye seli ya jani kikiwa na maelekezo tu, na ribosomu za jani husoma maelekezo yoyote yanayoletwa bila kuuliza yameandikwa na nani. Virusi vya kawaida huzitumia kujizalisha mpaka jani life. Kile cha Tibajani, walichokiita Kipole, kilibadilishwa ili kiagize pia kitu kingine: protini inayozuia chembe nyekundu za damu ya binadamu zisijikunje kama mundu. Kilipewa ribosomu moja katika kila tano. Nne ziliachiwa jani liishi. Ili kisizidishe, mihogo ya kampuni ilinyunyiziwa kizuizi kila mwezi.

Watu elfu kumi na moja walikuwa wanategemea kiraka hicho.

"Mbona leo huongei?" Siwema alimuuliza walipotoka.

"Kuna mtu kazini ananitia wasiwasi."

"Wa kiume?"

"Siyo hivyo. Nadhani anaiba. Au anaharibu kwa makusudi."

"Basi mfuate uone," Siwema alisema, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufungua kopo.

*

Jumamosi asubuhi Somoe alimfuata. Mkude alipanda pikipiki yake ya umeme, akapita lango la kampuni bila kuingia, akafuata barabara ya mchanga iliyozunguka ua. Somoe alikuwa nyuma yake kwa baiskeli. Alishajenga maelezo yote kichwani: kuna kampuni nyingine, Mkude ni mtu wao, analeta majani yaliyoharibiwa ili kazi ya Tibajani ionekane mbovu. Au mbaya zaidi, anakitoa Kipole nje na kukipanda mahali.

Pikipiki ilisimama kwenye shamba la mihogo nje kabisa ya ua, mwendo wa nusu saa. Mihogo ilikuwa mirefu kupita mtu, majani mapana. Mkude alitoa mkasi na vifuko vidogo, akaanza kukata. Mwanamke wa miaka kama sitini alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kiuno, amejifunga kitenge kifuani.

Somoe alilaza baiskeli, akawaendea moja kwa moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe ni wa kukata majani?" Huyo alikuwa Bi Asumini, mwenye shamba, na hakuonekana kufurahia wageni.

Mkude aligeuka. Hakushtuka. "Umechukua wiki tatu," alimwambia Somoe. "Nilidhani utachukua mbili."

"Unafanya nini hapa?"

"Nakata kitalu cha tisa."

Somoe alihisi hasira ikimpanda. "Umekuwa unachanganya majani ya nje na ya kampuni. Unajua ni kosa la kufukuzwa."

"Najua. Ndiyo maana nilichanganya. Mwaka jana nilipeleka majani ya shamba la jirani kwa Dkt. Komba, nikamwomba yahesabiwe. Wiki ile ile likatoka agizo kwamba kihesabio ni kwa sampuli za ndani tu. Ningeandika kitalu cha pili, ungesema mashine imekosea, ukapita. Nilitaka uone namba isiyokuwepo, uulize."

"Ungeniambia tu."

"Dada yako... mdogo wako yuko kwenye orodha ya dawa." Mkude aliingiza vifuko mfukoni bila haraka. "Sikujua utasimama upande gani. Hata sasa sijui."

Bi Asumini alikuwa amechoka kuwasikiliza. Alishika shina la muhogo kwa mikono miwili, akalitikisa, akaling'oa kwa mkupuo mmoja. Halikumpinga. Alilitupa miguuni mwa Somoe.

"Tazama," alisema. "Miezi kumi na minne hiyo. Mvua ilikuwa nzuri, samadi niliweka. Majani yamestawi hivi, mbuzi wa watu wanaruka ua kuyafuata. Chini ndiyo hivyo."

Mizizi ilikuwa myembamba kama vidole. Hapakuwa na muhogo hata mmoja wa kumenya.

"Yote iko hivi?"

"Nimeng'oa mashina ishirini. Baada ya hapo nikaacha, maana nilikuwa najiumiza roho. Mwenyekiti anasema mbegu mbaya. Mbegu ni ile ile aliyoniachia mama yangu."

Somoe alipiga magoti, akageuza jani. Upande wa chini lilikuwa limejaa nzi weupe, wadogo kama vumbi la unga. Nzi hao hufyonza utomvu wa muhogo huu, wakaruka, wakafyonza wa ule, na chochote kilichomo kwenye utomvu husafiri nao.

Akabaki amepiga magoti pale. Sasa alielewa kwa nini nyekundu zilikuwepo zote. Kloroplasti hazijitengenezei ribosomu zake peke yake. Sehemu kubwa ya vipuri vyake huundwa na zile nyekundu za nje, kisha hupelekwa ndani. Huku nje hapakuwa na mtu wa kunyunyiza kizuizi. Kipole hakikuchukua tena moja katika tano. Kilikuwa kimezikalia nyekundu karibu zote, zinafanya kazi kweli, lakini zinamfanyia mgeni, na vipuri vya zile za samawati havikuundwa. Zikazeeka, zikafa, hazikupata za kuziba nafasi. Jani likaacha kupika. Mizizi ikakosa cha kuhifadhi.

"Na rangi?" alijiuliza kwa sauti. "Kwa nini haijabadilika?"

Mkude alikohoa. "Rangi waliiwekea maelekezo yake humo humo ndani ya kirusi. Jani lisipoteze kijani hata likifa njaa. Niliisoma kwenye ripoti ya mwaka wa kwanza. Waliandika, ili wakulima wa jirani wasipate hofu isiyo na sababu."

*

Jumatatu Somoe aliingiza vipande kumi vya Bi Asumini kwenye kihesabio, akavihesabu, akarudia, akarudia tena mpaka jicho likamwuma. Kisha akapanda ghorofani. Safari hii hakubisha hodi.

Aliweka picha mezani. Dkt. Komba alizitazama kwa muda, moja baada ya nyingine, na Somoe akaona kwamba hazikumshangaza.

"Unajua tangu lini?" Somoe aliuliza.

"Kaa, Somoe."

"Nitasimama, Daktari."

"Miezi saba. Nilidhani ni shamba moja." Dkt. Komba alizipanga picha zikalingana kingo. "Kabla ya kuja hapa nilikuwa wodini, miaka kumi na miwili, wodi ya selimundu. Nimefumba macho ya watoto arobaini na sita kwa vidole hivi. Nakuambia ili ujue ninavyohesabu mimi. Tuna Kipole kipya kinachotengenezwa, kisichoweza kubebwa na nzi. Kitakuwa tayari baada ya miezi minane. Tutakipanda, cha zamani tutakiua, na haya yatakwisha bila mtu kukosa dawa hata wiki moja."

"Kwa miezi minane nzi watafika Masasi. Watavuka mto, waingie Msumbiji. Na hakuna atakayejua, maana majani ni ya kijani. Watu watajua siku ya kuvuna."

"Mavuno yatapungua, ndiyo. Serikali italeta chakula. Njaa ina msaada, Somoe. Selimundu haina. Ukitoa taarifa leo, kesho shamba hili linachomwa moto, ndivyo sheria inavyosema. Watu elfu kumi na moja wanarudi kwenye maumivu, na baadhi yao hawatafika hiyo miezi minane. Niambie ungechagua nini."

Somoe aliiona hoja ile ina uzito, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko kama angesikia uongo.

"Na ile rangi ya kijani, kwa nini mliwaficha wakulima?"

Kwa mara ya kwanza Dkt. Komba aliangalia pembeni. "Hiyo haikuwa kwa nia ya kuwadhuru," alisema. Kisha akauliza: "Siwema anaendeleaje?"

"Mzima."

"Nashukuru kusikia. Nimemwandika kwenye orodha ya kwanza. Hata kama siku moja tutapunguza uzalishaji, yeye hataguswa."

Alisema kwa upole ule ule. Somoe alitoka hajui kama amepewa zawadi au ameonywa, na alipofika kwenye meza yake akakuta kihesabio kinamwomba neno la siri jipya ambalo hakuwa amepewa.

Siku tatu zilizofuata alimtilia shaka kila mtu. Msichana wa mapokezi aliyemuuliza anaenda wapi mchana. Dereva aliyeegesha gari mbele ya nyumba yake. Hata Mkude alimtilia shaka upya: nani alimthibitishia kwamba ripoti ile ipo, na kwamba Mkude hakutumwa na wengine wanaotaka Tibajani ife? Akamwomba ripoti. Mkude akamletea imeviringishwa ndani ya gazeti. Ukurasa wa thelathini na moja, sentensi ilikuwepo kama alivyoisema, na chini yake sahihi tatu. Ya pili ilikuwa ya Dkt. Komba.

*

Karakana ya Siwema ilikuwa chini ya bati moja kubwa kandokando ya sokoni. Somoe alimkuta amevaa miwani myeusi, anaunga nondo za dirisha. Alisubiri mpaka akazima mashine.

Alimweleza yote, hakubakisha kitu, hata lile la orodha ya kwanza. Siwema alisikiliza amekaa juu ya pipa, anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza," Siwema alisema hatimaye.

"Ni mwili wako."

"Hapana. Usiniumize mara mbili, dada." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ungefanya tu ulilotaka kufanya, halafu ningekuja kukulaumu. Sasa unataka nikupe ruhusa. Nikikataa, mimi ndiye niliyewanyima watu chakula. Nikikubali, mimi ndiye niliyejirudisha kitandani mwenyewe. Kwa nini unibebeshe?"

"Sikufikiria hivyo."

"Fikiria. Unakumbuka mwaka niliomaliza darasa la saba? Nilimwomba mama anifanyie kitu nife. Wewe ulikuwa mlangoni, ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi usiniulize. Ukiniuliza mimi, jibu langu ni unyamaze. Nakuambia ukweli. Nitakula ugali wa msaada miaka mitano, lakini yale maumivu siyataki." Akainuka, akashika tena nondo, akaipima kwa jicho. "Ila usirudi kusema ulinyamaza kwa ajili yangu. Hilo nalo silitaki."

Akavaa miwani. Somoe alisimama pale kitambo, cheche zikimwagika sakafuni. Alikuwa amekuja akitumaini kwamba mdogo wake atamsukuma upande mmoja. Sasa hakuna aliyebaki wa kumsukuma.

Aliondoka kuelekea kwa Bi Asumini, akiwa na jembe la kuazima. Mchana ule wote waling'oa mihogo, si ya Bi Asumini tu. Walikwenda shamba kwa shamba, wakiomba kila mwenye shamba ang'oe shina moja. Wengine walicheka walipoona ile mihogo ilivyonawiri, wakasema mwanamke huyu wa maabara ana wazimu. Wakang'oa, kicheko kikaisha. Kwa Bi Asumini, kwa jirani yake, kwa mwalimu mkuu, kwenye shamba la msikiti, ilikuwa mizizi ile ile myembamba. Mzee mmoja alikaa chini kwenye tuta lake, akaweka mzizi mapajani kama kitu kilichovunjika, akauliza wanawe watakula makopa gani mwaka huu.

Somoe alimtazama yule mzee, na hapo akajua kwamba ameshaamua, ingawa hakuweza kusema ni dakika ipi.

*

Asubuhi yake yeye na Mkude walishuka Mtwara, kwenye Idara ya Afya ya Mimea, na gunia la mizizi, picha za kihesabio na ripoti ile. Afisa aliyewapokea, kijana mwenye tai, alifikiri wamekuja kuomba mbegu. Alipofika ukurasa wa thelathini na moja alivua tai, akaita mkubwa wake.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Wataalamu walichukua majani ya mashamba sitini, wakakikuta Kipole katika arobaini na moja. Likatoka agizo: mihogo yote ya kata tisa ing'olewe na kuchomwa, ya kampuni na ya wakulima. Somoe aliomba kusikilizwa kabla ya moto. Alisimama mbele ya watu wa Idara, akawaomba waache kitalu kimoja tu cha Tibajani, kifunikwe kwa chandarua kisichopitisha nzi. Walibishana siku mbili. Wakakubali kimoja. Majani ya kitalu kimoja yalitosha watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Watu wazima wote waliondolewa kwenye dawa, na ile orodha ya kwanza ikafutwa.

Dkt. Komba alisimamishwa kazi, wiki ya tatu akarudishwa chini ya usimamizi wa Idara, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kukituliza kile kirusi. Alikutana na Somoe kwenye korido. Hakumsemesha. Alimpa neno la siri la kihesabio, limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, akapita.

Bi Asumini naye hakuwa na shukrani. Alipewa mtama wa kula na ahadi ya mbegu safi mvua zijazo. "Mizizi sikuwa nayo," alimwambia Somoe, amesimama mbele ya shamba lililobaki majivu. "Lakini kisamvu nilikuwa nakula. Sasa hata hicho."

*

Maumivu yalimrudia Siwema wiki ya tano bila kiraka. Alikuwa juu ya ngazi anafunga dirisha, akashuka mwenyewe, akazima mashine, akakaa chini, na alipojaribu kuinuka magoti yakakataa. Somoe alimkuta hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, uso umepauka, meno yameuma kona ya shuka.

Siwema hakumwambia neno la lawama. Hakumwambia neno lolote siku mbili nzima.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, maumivu yalimpungua kidogo. Somoe alikuwa amekaa kwenye stuli, anamlisha uji wa mtama kwa kijiko. Kitanda cha pili alilala mwanamke aliyeitwa Yustina, mwalimu wa sekondari, naye aliondolewa kwenye kiraka. Yustina alikuwa hawezi kunyoosha mkono wa kulia. Alikuwa akizungumza na muuguzi aliyekuwa anambadilishia dripu.

"Wanasema ni mtu mmoja tu," Yustina alisema. "Mtu wa humo humo ndani. Aliamka siku moja akaenda kusema. Natamani nimwone tu, nimwone ana sura gani."

Muuguzi aliguna, akaondoka na trei yake. Somoe aliangalia uji. Kijiko kilikuwa kimesimama katikati ya bakuli na mdomo wa mdogo wake. Siwema alimtazama, jicho moja limefumba nusu kwa maumivu, na Somoe hakuweza kujua anafikiri nini.

"Ndiye huyu," Siwema alisema. "Huyu aliyekaa hapa. Ni dada yangu."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na ilikuwa kama vyote vimesikia. Yustina aligeuza kichwa polepole. Alimkagua Somoe kuanzia kanga ya kichwani mpaka viatu, kisha akamwangalia Siwema, dripu yake, magoti yaliyovimba chini ya shuka. Akarudi kwa Somoe.

"Ulihesabu mwenyewe?"

"Nilihesabu mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja," Somoe alisema. "Majani ya shamba moja. Halafu mashamba mengine wakahesabu wao."

Yustina alirudisha kichwa kwenye mto. Alipoongea tena alikuwa anaongea na dari.

"Nilikuwa natumaini utasema ulikosea."

Siwema alisukuma bakuli pembeni. Aliuchukua mkono wa dada yake, akauweka juu ya goti la kushoto, mahali palipokuwa pamevimba zaidi.

"Hapa," alisema. "Usibonyeze. Taratibu."

Somoe alianza kusugua kwa kiganja, kwa mzunguko, kama mama yao alivyokuwa akifanya. Ngozi ilikuwa ya moto. Siwema alifumba macho. Upande wa mlangoni vyombo vya chakula vilikuwa vinakusanywa.

"Ukimaliza hapo," Yustina alisema, bado anatazama dari, "uje na huku. Bega hili."